Foleni ya Wenye Hasira

Toleo la tisa lilipokufikia, hukuuliza limemruka nani.

Usibishe. Uliona kile kiduara kikizunguka kwenye kioo, ukaenda kupasha chai, uliporudi ukakuta mambo mapya, ukaguna kidogo kwa kuwa vitufe vimehamishwa, kisha ukaendelea na shughuli zako. Itundwe ipo mwendo wa asubuhi moja kutoka kwako. Habari za kisima chake ulizisikia redioni. Ulisema, maskini, ukatafuta muziki.

Sasa muziki umekwisha. Kaa hapo usikilize habari za Yusta Makala, na za kiduara kile kile ulichokiona wewe mara moja tu, ambacho yeye alikitazama mpaka kikamwingia ndotoni.

*

Yusta alikuwa mchapaji wa Itundwe. Usidhani ni kazi ya kuchezea. Tangu Sheria ya Maandishi ipite, karatasi iliyoandikwa kwa mkono haikuwa na thamani zaidi mbele ya serikali kuliko gazeti la kufungia vitumbua, maana mashine zilikuwa zimejua kuiga mwandiko wa mtu yeyote, hata wa marehemu. Neno lililokubalika ni lile lililotoka kwenye programu ya kuandikia iliyosajiliwa, ambayo watu waliiita kiandishi, likapigwa muhuri na kiandishi chenyewe. Huna kiandishi, huna shamba, huna ndoa, huna kesi. Na kila mji ulichagua kiandishi kimoja, kama wazazi wanavyomchagulia kijana wao mke: kwa karamu, kwa kelele, na kwa kuuchunguza sana ukoo.

Siku ya Itundwe kuchagua, watu walikusanyika kwenye godauni la zamani la pamba. Kampuni ya Fasaha ilileta mahema, chapati, na binti mmoja nadhifu aitwaye Bi Adelina. Kampuni ya Mwangwi ilimleta Luhende peke yake, juu ya pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Mama Nkuwi, mwanamke aliyezika mume na watoto wawili na bado akawa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliwasimamisha wote wawili mbele ya watu.

"Maneno yangu ni haya. Mgodi wa Jiwe Jeupe umefungulia tope lake la sumu, likaingia kisimani kwetu, watu wanavimba miguu na kufa. Haya, andikeni."

Kioo cha Fasaha kikaandika kwa herufi za kupendeza: *Wakazi wa Itundwe wana wasiwasi kuhusu hali ya maji, na wanaomba wadau wote washirikiane kuiboresha.*

"Wadau ndio akina nani?" Mama Nkuwi akauliza.

"Ni lugha ya heshima, mama," Bi Adelina akasema. "Fasaha haimtaji mtu kwa ubaya kabla mahakama haijamtia hatiani. Inawalinda nyinyi msije mkashitakiwa."

"Na mahakama itamtiaje hatiani mtu ambaye hatujamtaja?"

Bi Adelina akatabasamu, akawakumbusha watu kuwa chapati bado zipo.

Kioo cha Mwangwi kiliandika alivyosema, neno kwa neno, jina la mgodi mahali pake. Hata kikohozi chake cha katikati kiliachiwa nafasi.

Hapo mambo yangeweza kuishia, watu wakachagua kwa akili zao. Lakini Luhende alikuwa Msukuma, na Wanyiramba wa Itundwe humchukulia Msukuma kuwa mtani. Kwa usiyejua: mtani wako hana adabu kwako wala wewe kwake, na huko ndiko kuheshimiana kwenyewe. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuondoka na mali yako, nawe huna ruhusa ya kununa.

"Msukuma amejifunza kusoma lini?" akadakia Kitundu, mdogo wake Yusta, dereva wa lori pale mgodini, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Na ng'ombe wetu umemwachia nani?"

"Nimemwachia babu yako," Luhende akajibu, hata kofia hajavua. "Ndiye mchungaji wetu tangu tulipomnunua kwa debe la chumvi."

Godauni likapasuka kwa kicheko. Alipokuwa anaondoka, Luhende alimkamata kuku wa Mama Nkuwi, akamfunga nyuma ya pikipiki mchana kweupe, na Mama Nkuwi akamfukuza na upawa huku machozi ya kucheka yakimtoka. Mji ukachagua Mwangwi. Kasoro ilikuwa moja tu: Mwangwi ilikuwa na muhuri wa mashamba na wa ndoa, lakini muhuri wa madhara, ule unaohitajika mtu akidai kuwa mwili wake umeharibiwa, haikuwa nao bado.

"Unakuja na toleo la tisa," Luhende aliwaambia. "Kabla mtama haujavunwa."

Hakusema mtama wa mwaka gani.

*

Mtama ukavunwa. Ukapandwa mwingine, nao ukavunwa. Kila asubuhi Yusta alifungua godauni, akapangusa vumbi jeupe la mgodi juu ya sola, akawasha kiandishi, na Mwangwi ikamwamkia kwa maneno yale yale: *Toleo la tisa liko njiani. Subira yavuta heri.* Chini yake kiduara kikizunguka.

"Yavuta heri," Kitundu alikuwa akisema, "na kamba imekatika."

Si kwamba walikaa bure. Watu wa Itundwe wana desturi yao: andiko la mji haliandikwi chumbani. Mtu anasimama, anasema lake, mchapaji anamsomea kwa sauti kile alichokisema, na waliokaa wakiridhika hujibu kwa pamoja, "Ndiyo yetu." Pasipo jibu hilo, andiko liwe na mihuri kumi, mji haulitambui. Kwa njia hiyo walikuwa wameyamwaga yote ndani ya Mwangwi. Majina ya waliokufa. Rangi ya maji siku ya kwanza. Ng'ombe waliotupa mimba. Na Kitundu mwenyewe alisimama, wakati ule miguu yake ikiwa bado miguu, akasema:

"Ukuta wa bwawa la tope ulipopasuka, mimi ndiye nilikuwa na lori la mawe ya kuzibia. Nilikuwa nimefika pale pale ukutani. Msimamizi akaniambia, geuza, yale mawe yana madini ya betri ndani yake, hatuzibi tope kwa pesa. Nikageuza."

Yusta akamsomea. Godauni likajibu, ndiyo yetu. Ushahidi huo ungetosha kuufunga ule mgodi. Lakini ulikaa ndani ya Mwangwi bila muhuri wa madhara, kama unga uliokosa moto.

Halafu ikawa zamu ya Kitundu kuvimba. Daktari wa wilaya alimpapasa, akasoma vipimo, akasema figo zimechoka, anahitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine ziko kwenye mji mkubwa ambako waliotangulia ni wengi kuliko watakaotoka wazima. Basi akawa analala kwenye mkeka barazani kwa dada yake, miguu juu ya kigoda, akiamuru barua za kulalamika.

"Mwandikie hivi yule mwizi wa kuku. Mwambie, toleo letu umelificha kwenye zizi la baba yako? Mwambie, mimi nikifa nakuja kulala kitandani kwako, katikati, kati yako na mkeo."

"Kitundu, tuandike kwa heshima safari hii."

"Heshima kwa Msukuma? Atadhani sumu imepanda kichwani."

Yusta akatuma kama alivyoambiwa. Kabla chai haijapoa jibu likawa limefika: *Hahaha. Ukifa nitakuja msibani nikuuzie sanda kwa bei ya kuruka. Linakuja, watumwa wangu.*

Kitundu alicheka mpaka akashika kiuno. Yusta naye alicheka. Na hivyo ndivyo Itundwe ilivyodai haki yake msimu baada ya msimu, ikicheka, na kila barua ikiwa tamu kuliko iliyotangulia.

*

Bi Adelina alirudi na lori. Alikuwa amenenepa kidogo na amechoka kidogo, na nyuma ya lori kulikuwa na mashine mbili zimefungwa kwenye nailoni, ndefu kama kabati. Hakwenda kwa mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja godauni kwa mchapaji.

"Dada Yusta, nimesikia habari za mdogo wako."

"Umesikia wapi?"

"Mgodi unajua wanaougua. Unawajua vizuri kuliko daktari." Aliketi bila kukaribishwa. "Mgodi unauzwa. Wanunuzi hawataki kesi. Baraza la Madai linafungwa mwisho wa mwezi, na baada ya hapo hakuna anayeweza kudai kitu. Hizo mashine mbili ni zenu, pamoja na fundi wake. Zinashuka leo hii mji ukihamia Fasaha na kupitisha tamko hili."

Akamgeuzia kioo. *Sisi wakazi wa Itundwe tunatambua kuwa maji ya eneo letu yana changamoto za asili tangu enzi za mababu, na tunaushukuru Mgodi wa Jiwe Jeupe kwa moyo wake wa ujirani mwema.*

Yusta alilisoma mara mbili. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, jinsi lilivyoteleza ulimini.

"Na yale yaliyomo ndani ya Mwangwi?"

"Mji hauruhusiwi viandishi viwili. Mkihama, ya zamani yanafungwa. Yanaitwa yatima. Yanakaa mpaka mwisho wa mwezi, halafu yanafutwa."

"Yatima hana hata ndugu?"

"Kisheria anaye. Mji wowote wenye Mwangwi yenye muhuri wa madhara unaweza kumchukua yatima. Watu wake wanayasoma yale maandiko kwa sauti, wanayakubali, yanapigwa muhuri, na yanakwenda Barazani kama yao." Bi Adelina alitazama kucha zake. "Haijawahi kutokea."

"Kwa nini?"

"Dada, nani anataka kurithi msiba wa jirani?"

Yusta alilitafuta jibu. Wewe unalo?

"Mimi sikuitunga hii sheria," Bi Adelina akasema taratibu, akisimama. "Ningeweza kuwadanganya kuwa naleta zawadi, sijawadanganya. Nitalala hapa hadi keshokutwa. Msipotaka, naondoka na lori kwenda mji unaofuata. Wanaovimba si nyinyi peke yenu."

*

Yusta alidamka akaenda mjini, kwenye ofisi ya Mwangwi. Njiani alikuwa na nia moja: atazungumza na Luhende kama mtu anayezungumza na mtu.

Luhende alimwona tangu mlangoni, akafungua mikono. "Mtumwa wangu, umetoroka? Nani kakufungua minyororo?"

"Shikamoo, Bwana Luhende."

Yusta alikuwa amempita umri kwa miaka mingi. Tabasamu la Luhende lilibaki usoni mwake peke yake, kama kandambili iliyosahaulika mlangoni.

"Mama Yusta, huo si utani mzuri."

"Sikutanii. Ndiyo maana nimekuamkia."

Luhende aliinamisha kichwa. Marahaba hakuweza kuisema, na kukataa kuiitikia hakuweza pia. Akavuta kiti, akampa, yeye akabaki wima.

"Toleo la tisa liko wapi?" Yusta akauliza.

Ukutani nyuma ya Luhende kulikuwa na ramani ya miji yote inayotumia Mwangwi, kila mji ni nukta. Mingine myekundu, mingine ya njano. Itundwe ilikuwa ya kijani, kijani kibichi kama mchicha uliomwagiwa maji, na hapakuwa na nukta nyingine ya kijani kama ile kwenye ramani nzima.

"Ile ni nini?"

"Ni kipimo cha kuridhika kwa wateja," Luhende akasema, na sauti yake ilikuwa imeshajua inakoelekea. "Barua zenu hazisomwi na mimi kwanza. Zinasomwa na mashine ya malalamiko. Inapima hasira. Toleo jipya haliendi kwa wote kwa mara moja, maana kila mji unataka rekodi zake zihamishwe, na mafundi ni wachache. Wanaanza na miji inayotishia kuhama. Ile yenye furaha inaweza kungoja."

"Sisi tuna furaha?"

"Mwanzoni mashine iliwaona mnatukana, ikataka kuwafungia kabisa kama wahuni. Nikaifundisha. Nikaiambia, hawa ni watani zangu, kila tusi lao ni upendo. Nilikuwa nawasaidia, mama."

"Ikakuelewa."

"Ikanielewa kupita kiasi."

"Ile barua ya Kitundu, kwamba akifa atakuja kulala kitandani kwako. Iliisomaje?"

Luhende alibonyeza, akatafuta, akasoma bila kuinua macho. "Furaha kubwa."

Nje mtu alikuwa anapiga honi. Yusta alisubiri honi inyamaze.

"Nawe je? Mashine haijui. Wewe ulijua anaumwa. Ulisoma mwenyewe, ukajibu utamuuzia sanda."

"Nilidhani ni utani."

"Ulikuwa utani. Na ugonjwa nao ulikuwepo. Vyote viwili vilikuwa kwenye barua moja, Bwana Luhende, ukachukua kile kilichokupendeza, kama ulivyomchukua yule kuku."

 Yusta akauliza tena: "Limekamilika lini hilo toleo?"

"Mwaka juzi."

"Na mji uliopewa kwanza ni upi?"

Luhende akautaja mji wako.

Ndiyo, wako. Usitazame nyuma yako, hakuna mwingine.

"Wao walilalamika nini?"

"Rangi ya ukurasa," Luhende akasema. "Walisema inawaumiza macho. Waliandika kwa ukali sana."

Yusta alicheka, kicheko kifupi kisicho na utani ndani yake. Kisha akasema, "Tugeuze wekundu."

Luhende aligusa ukuta. Nukta ya Itundwe ikaiva mara moja kama pilipili. "Sasa mko mbele," akasema. "Huenda ikawa wiki tatu. Huenda nane."

"Baraza linafungwa mwisho wa mwezi."

"Najua."

"Na Kitundu?"

Hilo hakusema analijua.

*

Mkutano ulijaa mpaka nje ya godauni. Yusta aliwasimulia yote: nukta ya kijani, wiki tatu au nane, tamko la Fasaha, yatima. Aliposema kuwa barua zao zote zilihesabiwa kuwa furaha, hakuna aliyecheka, na ilikuwa mara ya kwanza jina la Luhende kutajwa pale bila kicheko.

Mama Nkuwi alisimama. "Mimi nina makaburi matatu. Kila moja nimelisemea mbele yenu: huyu kauawa na mgodi, nanyi mkajibu, ndiyo yetu. Leo nikisema ni maji ya mababu, nitakuwa nimewaua mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu. Tungoje. Tayari tumekuwa wekundu. Toleo linaweza kuwahi."

"Mama," Kitundu akasema akiwa pale alipolazwa, kwenye gunia la pamba karibu na mlango, "wale wako hawakojoi tena. Mimi natafuta kukojoa."

Watu wawili watatu waliangua kicheko, wakajifunika midomo.

"Nasema kweli," akaendelea. "Habari ya lori na mawe ni yangu. Mimi ndiye niliyegeuza usukani. Mimi ndiye niliyeisema, na ndiyo inayonitafuna. Kama mji unaitunza ili niwe marehemu wa kuthibitishia kesi, niambieni, nivae vizuri."

"Hakuna anayetaka ufe, mwanangu."

"Hakuna anayetaka. Mnangoja tu. Na mgodi ulingoja hivyo hivyo."

Mama Nkuwi aliketi kama aliyesukumwa.

Akainuka mama mmoja wa mtaa wa juu, akamwinua na binti yake aliyevimba uso, hakusema neno, akamgeuza ili kila mtu amwone, akaketi. Mzee mmoja akasema watoto wa watoto watasoma tamko lile shuleni, watajua sisi tulikuwa waongo. Mwingine akamjibu kuwa ili wasome lazima wazaliwe. Maneno yakaendelea hivyo, kila neno lina haki yake, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba hapakuwa na mjinga wala msaliti wa kumzomea. Yule wa kuzomewa hakuwa ndani ya godauni.

Mwishowe wakamtazama mchapaji. Kwa desturi, andiko lisiposomwa halipo. Yusta angeweza kufunga kioo, akaenda zake, na pasingekuwa na mtu wa kumlazimisha. Alifikiria wiki tatu. Tatu zinavumilika. Alifikiria nane. Akatazama miguu ya Kitundu, ngozi yake imetanuka, inang'aa kama kitunguu. Kitundu alipokuwa mtoto, yeye alimbeba mgongoni kwenda kisimani pale pale.

Akasoma. Alisoma tamko lote, na changamoto za asili, na mababu, na moyo wa ujirani mwema. Sauti yake haikutetemeka, na baadaye hakujisamehe kwa hilo.

 Nje mbuzi alilia, akajibiwa na mwenzake.

"Ndiyo yetu," akasema Kitundu, peke yake.

Kisha yule mama wa mtaa wa juu. Kisha mmoja nyuma, kisha wengine, sauti za chini, kila mtu akiitikia kama anayetema kitu na hataki kionekane. Mama Nkuwi hakufungua mdomo. Alijitanda khanga, akapita katikati yao, akatoka.

Yusta akaweka kidole gumba kwenye kioo cha Fasaha. Kioo cha Mwangwi, mezani kando yake, kikazimika chenyewe.

*

Mashine zinafanya kazi. Hilo nalo liandikwe, maana ni kweli. Zimesimamishwa pale pale godauni, zinaunguruma, na miguu ya Kitundu imepungua hadi anavaa viatu. Ukutani pana bango: Zawadi kutoka kwa majirani wema.

Ila Fasaha ilikuwepo siku ile ya mkutano, ikasikia desturi ya watu wale, ikaipenda. Ikaiweka ndani ya mashine. Kila mgonjwa anapolazwa, sindano ikishaingia, kabla damu haijaanza kuzunguka, sauti laini ya kike inamsomea tamko la shukrani mwanzo hadi mwisho, kisha inangoja. Mashine haiwaki mpaka mgonjwa ajibu.

"Ndiyo yetu," Kitundu anasema akitazama dari.

Damu inaanza kutembea. Kitundu yule hatanii tena. Muulize habari ya asubuhi, atakujibu nzuri.

Na mtama ulipokuwa bado shambani, mwezi ukiwa haujaisha, kioo cha Mwangwi kilichokuwa kimefunikwa gunia pembeni kiliwaka. Yusta aliuona mwanga ukitoka kwenye nyuzi za gunia, akalifunua. *Toleo la tisa limefika. Asante kwa subira yako.* Kiduara kilikuwa kimesimama. Alipogusa, kikamwambia kuwa mji huu si mteja tena.

Mchana wake pikipiki ya Luhende ikasimama nje. Alikuwa amembeba kuku, jogoo mzuri mwenye shingo ya dhahabu. Hakumtukana mtu. Alikwenda hadi kwa Mama Nkuwi, akamnyooshea.

"Mtani halipi," Mama Nkuwi akamwambia.

"Ndiyo maana nimeleta."

 Mama Nkuwi akampokea jogoo kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mgeni asiyemjua.

"Ahsante sana, bwana," akasema.

Luhende aliziba uso kwa kofia. Itundwe ikizika sasa, hakuna Msukuma wa kuja, kama ilivyo desturi ya watani msibani, kulala kwenye mlango wa kaburi akidai hela ndipo mwili upite. Wanazika kimya, kama watu wasio na ndugu.

Kabla hajaondoka alimvuta Yusta kando. "Ushahidi wenu bado upo. Kila mji wenye toleo la tisa unauona. Upo chini ya kioo, kona ya kushoto, pameandikwa Yatima. Mimi siwezi kuufungua, mimi ni mfanyakazi tu. Lakini mji ukiuchukua, ukausoma, unakwenda Barazani na muhuri wake, na tamko la Fasaha halitauzuia, maana lile linaifunga Itundwe peke yake."

"Na huo mji utatoka wapi?" Yusta akamwuliza.

Swali hilo halikuwa la Luhende.

Kiandishi unacho, kipo mbele yako sasa hivi, na toleo la tisa ulipewa kwa sababu rangi ilikuwasha macho. Kona ya kushoto, chini kabisa, neno lile umeliona kila siku ukadhani ni pambo. Maji yanayotoka Itundwe yanashuka kuja kwako, lakini hata yangekuwa yanapanda, bado ungedaiwa. Mwezi haujaisha. Libonyeze. Waite wa nyumbani kwako, waite na majirani, wale uliowahi kuwakusanya kwa ajili ya rangi ya ukurasa. Soma kwa sauti, bila utani na bila heshima ile ya Fasaha. Utafika mahali mtu amesimama, anasema habari ya lori lililogeuzwa. Usiruke jina la mgodi. Ukimaliza, kutakuwa na kimya, na katika kimya hicho kuna maneno mawili ambayo sasa unayajua.

Weka chai chini. Anza kusoma.